Bibi Harusi wa Dirishani

Kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungiwa nyama kabla hujalimaliza, sikulaumu, nyama nayo ni muhimu. Nitakurudisha nyuma kidogo tu, kisha tushike njia.

Mimi ni Persis, mpiga taipu katika ofisi moja hapa Kisii mjini. Rafiki yangu Drusilla aliniomba nimsindikize matangani Ikonge, upande wa Nyamira, kwa jamaa yake aliyeuawa na radi. Marehemu aliitwa Nyasani. Sikumjua akiwa hai, na hata siku hiyo sikumwona uso, kwa sababu jeneza lilikuwa limeshafungwa.

Mpiga picha alipokuwa akiwapanga watu kando ya jeneza, aliona pengo upande wa kichwani. Akaninyoshea kidole. "Wewe dada wa kitambaa cheupe, hebu ziba hapo." Nami kwa adabu zangu nikaziba. Kwetu Tabaka kila mtu husimama anapopata. Sikujua kwamba watu wa pale waliliacha pengo lile makusudi. Ni mahali pa mke wa marehemu, na Nyasani alikufa kapera.

Wiki iliyopita nilikuacha, msomaji, nikiwa nimesimama barabarani mbele ya studio ya Jethro, mpiga picha yuleyule, nikijitazama dirishani. Nilikuwa nimevaa gauni jeupe la harusi na shela. Kando yangu alisimama kijana mwenye suti, amenishika mkono. Chini yetu paliandikwa kwa wino mweupe: NYASANI NA MKEWE.

Niliingia studio bila hodi. Jethro alikuwa akimfunga mzee mmoja tai, ile tai ya studio ambayo imeshazunguka shingo za nusu ya wilaya.

"Jethro, yule wa dirishani ni nani?"

Akatabasamu. Hakuona haya hata chembe. "Umejiona? Umetoka vizuri sana. Tangu nikuweke hapo watu hawapiti bila kusimama."

"Mimi sijaolewa. Gauni lile sijalivaa maishani mwangu."

"Najua. Gauni ni la bibi harusi mmoja wa Keroka. Na mwili pia ni wake."

Akanieleza kama mtu anayemfunza mwanagenzi. Alikikata kichwa changu kwa wembe kutoka picha ya matanga, akakibandika juu ya mabega ya yule wa Keroka. Kichwa cha Nyasani alikitoa kwenye picha ndogo aliyopigwa marehemu humohumo studio zamani, alipokuwa akitafuta kazi Kericho. Kisha akavipiga vyote picha upya, akapaka rangi kwa brashi.

"Shida ilikuwa moja," akasema. "Kwenye picha ile marehemu alikuwa amefumba macho. Ilibidi nimchoree mengine."

Macho yale nilikuwa nimeyaona dirishani na nilihisi yananitazama mimi peke yangu katika barabara nzima. Kumbe hayakuwa hata ya mwenyewe.

"Nani alikuambia ufanye uchawi huu?"

"Uchawi gani? Hii ni kazi. Mama ya marehemu alikuja na ile picha ya matanga, akaweka kidole juu yako, akasema, nataka huyu na mwanangu, wakiwa wamesimama."

"Na mimi uliniuliza?"

"Nani huuliza watu matangani?"

"Uso ni wangu, Jethro!"

"Uso ni wako ukitembea nao," akasema, akiendelea kumkaza mzee tai. "Picha ni ya mwenye kuagiza. Nenda hata kwa D.O., atakuambia hivyo."

Yule mzee akatikisa kichwa kukubali, ingawa hakuna aliyemwomba ushauri.

Hapo mlangoni palikuwa na kifaru kilichochongwa kwa jiwe la Tabaka ambacho Jethro hukitumia kuzuia mlango usijifunge. Nikakiinua. Nikamwambia achague, aiondoe picha au nikitume kifaru dirishani kikaiondoe. Jethro ananijua kwa nasaba: watu wa Tabaka tunajua kubeba mawe. Akaenda mbio, akaitoa, akaichana vipande mbele ya macho yangu.

Nikashusha pumzi.

"Sasa umefurahi?" akasema. "Hiyo ilikuwa ya kuvutia wateja. Ile kubwa nilishaipeleka Ikonge, ina fremu na kioo. Na yule mama akaagiza nyingine kama hiyo. Sijui ya kupeleka wapi."

Nilitoka nje. Na nani alikuwa amesimama pale nje, ameegemea baiskeli? Manasseh. Mwalimu Manasseh wa Nyamira, tuliyeahidiana kuoana mwaka huo huo, mtu ambaye nilikuwa nimeazimia kumficha jambo hili kama mtu anayeficha jipu.

"Umeolewa lini, Persis?"

"Sijaolewa."

"Baba yangu ameiona hiyo picha. Alileta ndizi soko la Daraja Mbili, akapita hapa. Amesema yeye hapeleki ng'ombe kwa mke wa maiti."

Nikamweleza yote, jeneza, pengo, wembe, yule wa Keroka. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza nikamuuliza, "Unaniamini au huniamini?"

"Nakuamini," akasema. Kisha akatazama chini. "Lakini juzi nilisimama hapa nikamwangalia yule mtu, nikamwonea wivu. Mtu amezikwa, na mimi namwonea wivu. Hata sijielewi."

Sikujua nicheke au nilie. Nililia.

Msomaji, usidhani ni picha tu. Ilishachanwa, lakini wiki hiyo nilikuwa siko peke yangu popote. Akina mama wa mboga sokoni waliniambia pole na msiba. Ofisini karani mmoja aliniita mjane, akajidai ni mzaha. Na kanisani, siku ya Sabato, watu kwenye benchi walisogea wakaacha nafasi tupu kando yangu, upande uleule ambao Nyasani anasimama kwenye picha. Wala hawakufanya kwa ubaya. Walikuwa wanamwachia mahali pa kukaa. Nilikaa ibada nzima shingo imekakamaa, sithubutu kugeuka upande huo.

"Twende Ikonge," Manasseh akasema nilipomweleza hayo. "Tuichukue ile kubwa. Nikimpelekea baba aichome mwenyewe kwa mkono wake, ataridhika."

Tulikwenda Jumapili. Nyumba ya mama yake Nyasani iko juu kidogo ya soko, katikati ya mashamba ya chai, nayo imefagiliwa ikafagilika. Mama mwenyewe, Nyanchera, alikuwa mlangoni. Nilitegemea kumkuta mwendawazimu. Nikamkuta mama mwembamba, amevaa sketi safi na sweta nyeusi, amenyosha mikono yote miwili.

"Mkazamwana wangu! Umekuja kwa miguu kwa jua hili? Ingia, ingia."

Nikaingia. Picha ilikuwa ukutani, ikitazama mlango. Ameizungushia kitambaa cha kufuma, cheupe pe. Kwa ukubwa ule nilimwona Nyasani vizuri kuliko nilivyowahi. Alikuwa kijana wa watu, na paji la uso kama la mama yake. Chini ya picha palikuwa na kiti.

Manasseh akataka kukikalia.

"Sio hapo, mwanangu," mama akasema kwa upole. "Chukua kile kingine. Na wewe ni nani?"

"Mimi ni mchumba wa Persis."

"Karibu chai," akasema, kama mtu aliyeambiwa kuwa mvua itanyesha.

Nilijikaza kisabuni. "Mama, nimekuja kuchukua hiyo picha. Mimi si mke wa mwanao. Sikumjua. Nilimsindikiza tu Drusilla."

"Kwani nani amesema ulimjua?" Akaketi akanitazama usoni. "Wewe unafikiri mimi nimerukwa na akili. Akili yangu iko yote, ndiyo inayonitesa. Siku ile nilikuwa chini nalia. Nikainua macho, nikakuona umesimama kichwani pake. Hapo hapakuwa na mtu. Wote waliogopa. Wewe ulikuja ukasimama."

"Niliambiwa na mpiga picha."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

Nikaitazama ile picha ukutani.

"Nilikuwa na huyo mmoja tu," akaendelea. "Wanaume wa ukoo wakamzika haraka haraka kama mtoto mdogo. Hata hawakukaa. Wakasema nyumba ya Nyanchera imefungwa, sasa tugawane shamba. Zamani jambo hili lilikuwa na dawa. Mama anamwolea mwanawe mke hata kama amekwenda, na watoto wanaitwa kwa jina lake. Siku hizi tumekuwa watu wa kanisa, hakuna anayeyataja. Lakini nani ameyasahau?"

"Mama," Manasseh akasema, kwa ile sauti ya mwalimu ambaye darasa limeanza kumponyoka, "hayo hayawezekani. Persis hajakubali. Wazazi wake hawajui. Hakuna mahari."

Nyanchera akammiminia chai, akamsogezea sukari.

"Ng'ombe zimeshatolewa," akasema.

Nilidhani sikusikia.

"Nilimuuliza Drusilla kwenu ni wapi, zikafika Tabaka kabla ya Sabato iliyopita. Baba yako ni mtu mzuri, Persis. Alizipokea vizuri kutoka kwa watu wangu, akawapa chakula. Waliporudi waliniambia ile picha ameipenda sana."

"Picha gani?"

"Ile ya pili. Kwani ningetuma ng'ombe bila picha?"

Manasseh alisimama. "Uliwaambia waseme nini huko?"

"Sikuwaambia waseme uongo. Walisema wametumwa na mama ya kijana kutoka Nyamira, na hao kwenye picha ndio vijana wetu. Mzee hakuuliza kingine."

Hangeuliza kingine! Ni mimi mwenyewe niliyemtumia baba salamu kwamba nina mchumba kutoka Nyamira, mtu msomi. Baba hajawahi kumwona Manasseh hata siku moja. Wageni wakatokea Nyamira na ng'ombe, wakamwonyesha binti yake kwenye shela, ameshikwa mkono na kijana mwenye suti. Baba alikuwa na sababu gani ya kufikiri kwamba kijana huyo yuko kaburini?

Nilisimama nikaiendea picha. Nikashika fremu. Nilikuwa na hasira ya kuivunjia chini na kumkanyaga huyo bibi harusi wa Jethro.

Nyanchera hakunizuia. "Toa," akasema. "Ni uso wako. Lakini ukiitoa mimi nitakuwa naongea na ukuta."

Nilimchukia mama yule, na nilimwonea huruma, yote mawili pamoja na kwa kiasi kilekile. Nikamtazama Nyasani kwa karibu, yale macho ya brashi. Mikono yangu ikakataa. Nikaiacha fremu mahali pake, nikatoka nje nikasimama kwenye chai.

Manasseh alinifuata. "Iache hiyo picha," akasema. "Sasa shida ni ng'ombe. Ng'ombe wakirudishwa, hakuna ndoa, hata wazee wa hapa watakubali. Twende kwa baba yako kesho. Tuwaswage warudi hata kwa miguu yetu."

Nilimpenda kwa neno hilo. Niliona kuna mlango wa kutokea.

Kesho yake nikaomba ruhusa ofisini, naye akamwachia mwenzake darasa, tukashika basi. Tabaka tulifika mchana. Kabla ya kufika kwetu Manasseh akasimama barabarani, kando ya rundo la mawe ambayo wachongaji huyatupa, akakataa kuendelea.

"Siwezi kuingia kwa baba mkwe bila kutangulizwa na watu wangu. Nenda uzungumze naye. Nitakungoja hapa."

Kwa hiyo niliingia peke yangu. Baba alikuwa ameketi mlangoni na uso unang'aa. Alinishika mkono akaukung'uta mpaka bega likauma.

"Wewe mtoto!" akasema. "Unafunga harusi unaninyima hata kipande cha keki? Nilikasirika, nisikufiche. Nilikasirika mpaka nikaona zile ng'ombe. Ng'ombe za watu wenye heshima. Hasira ikaniisha."

Nikapita ndani. Nilijua nitakachokikuta, na bado kilinipiga kifuani. Baba alikuwa ameondoa kalenda ya zamani ukutani. Mahali pake, nyumbani kwetu, mahali nilipojifunzia kutambaa, alikuwa Nyasani, amenishika mkono.

"Kijana mzuri," baba akasema nyuma yangu. "Ana macho ya ukali kidogo. Mume wako umemwacha wapi?"

Nikaona niseme ukweli kwa kuanzia mahali pepesi. "Yuko barabarani, baba. Anaona haya kuingia."

Baba akafurahi zaidi. Akatoka mlangoni, akaweka kiganja juu ya macho, akatazama barabarani. Akatazama sana. Kisha akarudi ndani, akasimama mbele ya picha. Akatoka tena, akatazama.

"Yule siye," akasema.

"Baba, keti kwanza. Nina neno. Ng'ombe wako wapi? Sikuwaona bomani."

"Nimekuuliza, yule wa barabarani ni nani?"

"Nitakuambia yote. Ng'ombe wako wapi? Tunataka kuwarudisha."

"Kuzirudisha!" Baba alicheka kwa kutoamini. "Mjini wamekufundisha nini huko? Kwani wewe ni mgeni? Ng'ombe za dada ni za kumwolea kaka mke. Kaka yako Obwocha amengoja mpaka amekuwa kichekesho cha kijiji. Wewe unajua wakwe wa kwanza walivyomnyang'anya msichana kwa sababu boma letu halikuwa na ng'ombe. Hizi zililala hapa, asubuhi Obwocha akaziswaga mpaka kwa wakwe zake. Akarudi na mke."

Nilihisi kama nimevutiwa kiti. Ule mlango nilioona Ikonge ulikuwa umefungwa, na aliyeufunga ni kaka yangu, ambaye hajui lolote, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Nikidai ng'ombe, itabidi wale wakwe wairudishe mifugo na wamchukue binti yao. Nisipodai, mimi ni mke wa Nyasani.

Wakati huo akatoka jikoni msichana ambaye sijawahi kumwona. Alikuwa na beseni na birika la maji ya kunawa. Alikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia, kilemba kipya kichwani, na mikono bado ina unga wa wimbi. Akapiga goti mbele yangu.

"Wifi," akasema. "Mimi ndiye Bonareri. Nimetamani sana kukuona. Kila asubuhi nikifagia hapa naitazama picha yako, nakushukuru. Bila ng'ombe zako mimi ningekuwa bado kwetu. Msichana wetu wa kwanza tutampa jina lako."

Nikanyosha mikono. Akanimiminia maji polepole, ya vuguvugu, akihakikisha yamefika mpaka kwenye vifundo.

Baba alikuwa bado amesimama chini ya picha. Furaha ilikuwa imeanza kumtoka usoni, naye alikuwa akinitazama mimi, kisha yule kijana wa pichani, kisha mimi.

"Persis," akasema. "Kama yule wa barabarani siye, huyu mwenye ng'ombe yuko wapi?"

Bonareri akaweka birika chini. Akainua uso wake, anatabasamu, naye akangoja kusikia habari za shemeji yake.